Bei ya Kuanzia

Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yao mkubwa, na pengine ndiyo maana alipokuwa akiongea alimtazama mama zaidi ya baba. Aliibandika picha kwenye kile kisanduku cha taa ukutani, akaweka ncha ya kalamu juu ya kivuli kilichokaa upande wa kushoto wa kifua, kikubwa kama limau.

"Hiki hapa," akasema. "Kimekandamiza mshipa unaokwenda kwenye sauti. Ndiyo maana mzee haongei."

Mzee mwenyewe aliinama akaitazama picha huku amefumba jicho moja, kama alivyozoea kutazama mali mbovu iliyoletwa mnadani ikiwa imepigwa rangi. Alikuwa dalali. Mji mzima ulimwita Tarumbeta, hata watoto wake waliandikishwa shule kwa jina hilo, na sasa alikuwa na sauti ya mtu anayenong'ona msikitini.

"Ni nini hicho?" mkewe akauliza.

"Ni uvimbe, mama."

"Uvimbe wa nini?"

"Hilo picha haisemi. Picha inatuonyesha upo, na ukubwa wake. Kujua ni kitu gani, lazima tuchukue kinyama kidogo kwa sindano, kiende maabara kikapimwe."

Kwa ajili ya picha hiyo friji lilikuwa limetoka nyumbani, na kitanda cha wageni kikafuata. Kabla ya picha hiyo kulikuwa na picha ndogo, na kabla ya picha ndogo kulikuwa na makohozi, ambayo yalipimwa bure, yakapimwa tena, na kila mara wakaambiwa si kifua kikuu, nendeni na hii dawa ya maji.

"Si mlisema picha kubwa ndiyo itaonyesha?"

"Imeonyesha," daktari akasema kwa upole. "Imeonyesha kwamba tunahitaji kinyama."

Tarumbeta akacheka. Kicheko chake kilitoka kama upepo unaovuja kwenye tairi, kikaishia kwenye kikohozi kilichomshikisha meza. Alipotulia alinong'ona, "Daktari, ungekuja kwetu mnadani ungetunyang'anya kazi wote."

Daktari alitabasamu bila kutaka. Akataja bei ya kinyama: laki sita, na inalipwa kabla. Mtaalamu wa sindano hakuwa wa hospitali ile, alikuja mara moja kwa mwezi, na mwezi huu anakuja Alhamisi. Wakimkosa Alhamisi, wamsubiri mwezi ujao.

Mama alimtoa mumewe nje, akamketisha kwenye benchi, akarudi ndani kana kwamba amesahau kitu. Akarudishia mlango.

"Na baada ya kinyama?"

"Inategemea jina litakalotoka. Kuna ya kupasua, kuna ya dawa za mshipani. Hapa hatuna, ni mpaka hospitali kuu."

"Hiyo ni kiasi gani?"

Daktari alifunga kalamu, akaifungua, akaifunga tena. "Tuchukue kwanza kinyama, mama," akasema, na macho yake yakashuka mezani.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na kioo kidogo, na Tarumbeta alikuwa amekaa upande wa kioo.

*

Mama alijaribu kwanza kwa shemeji yake. Mdogo wake Tarumbeta alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye uwezo wake, na hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwagizia soda, akamsikiliza akiwa amesimama katikati ya ndoo za rangi.

"Sasa shemeji, kaka anaumwa nini?"

"Hatujui. Hela tunatafuta ya kujua."

"Ya kujua?"

"Ya kipimo."

Shemeji alijikuna shingo. "Shemeji, mimi nakuelewa. Lakini hawa ndugu unawajua. Nikiwaita nikawaambia kaka ana ugonjwa fulani, anahitaji matibabu, watachanga, hata wale wabishi watachanga. Nikiwaambia wachangie kipimo, wataniuliza, tulishachangia picha, hivi huyu anatibiwa au anapigwa picha? Nyie tafuteni jina. Mkipata jina njooni, hapo mimi mwenyewe nasimama mbele."

"Jina ndilo linalouzwa, shemeji."

"Najua. Ndiyo dunia ilivyo." Akatoa noti mbili mfukoni, akamfumbatisha kiganjani. "Hii ya nauli."

Soda ilikuja baada ya yeye kuinuka. Aliinywa akiwa wima, kwa sababu ilikuwa imekwisha funguliwa.

*

Kilichobaki nyumbani chenye thamani kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha mama. Cherehani ya umeme, ya kiwandani, yenye meza yake na mota yake, aliyoinunua kwa kushona mapazia kwa cherehani ya miguu mpaka magoti yakavimba. Ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na yeyote aliyeingia ndani alilazimika kuizunguka kwanza. Karo ya kitindamimba wao, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, ilitoka hapo. Tangu sauti ya mzee ilipokatika, chakula nacho kilitoka hapo.

"Haiendi," Tarumbeta akanong'ona alipoambiwa.

"Inakwenda."

"Hiyo ni yako."

"Ndiyo maana naiuza mimi, sijakuomba ruhusa."

"Utashona na nini? Na kucha?"

"Nitaazima. Nitashona kwa watu. Baba watoto, usinichoshe. Wewe kazi yako ni kupona."

"Nipone nini?" akasema. "Mmeambiwa naumwa nini?"

Mkewe alichukua kitambaa akaifuta cherehani mafuta, meza, miguu, hata waya, kama anavyooshwa mtoto anayepelekwa ugenini.

*

Mnada ulikuwa Jumanne, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghala. Kwa miaka yote ambayo mama aliishi na mumewe, alikuwa akimsikia kutoka hapo akiwa jikoni kwake, mitaa mitatu mbali. Wenzake walinunua vipaza sauti, yeye akavicheka. Watu wakipanda bei kwa kujivuta alikuwa anaweka mkono kiunoni, anawatazama mmoja mmoja, kisha anaachia: "Hamjafika bei! Bado! Hamjafika bei!" na watoto wa mtaani wanaitikia mpaka mali inapanda kwa aibu.

Siku hizi alipewa chaki tu, aandike namba kwenye mali.

Uwanja ule ulikuwa na taratibu zake. Ya kwanza, dalali hanadi kitu kilichotoka nyumbani kwake, kwa hiyo cherehani ilinadiwa na Kiwembe, mwenzake wa siku nyingi, mwembamba, mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira. Ya pili haikutajwa mbele ya wateja. Kati ya umati alisimama mzee mmoja aliyeitwa Kimya, amevaa koti la suti, kama mnunuzi mwenye hela zake. Kimya hakuwa na hela wala hakununua chochote. Kazi yake ilikuwa kuinua mkono bei inapolala. Dalali akivua kofia na kujifuta uso, Kimya anapandisha. Dalali akirudisha kofia kichwani, Kimya anaacha. Wake za madalali walilijua hilo, na hawakulisema hata kisimani.

Mama alisimama pembeni, karibu na rundo la milango ya mitumba. Mumewe alisimama upande wa pili, na kofia yake kichwani, chaki mkononi, amejifunika shuka mabegani kwa sababu siku hiyo kulikuwa na upepo wa baridi na mawingu.

"Mali ya fundi!" Kiwembe akaanza. "Si mali ya mtu wa kujaribu! Mota inalia kama paka aliyeshiba! Laki mbili naanza, laki mbili!"

Laki mbili zilikuja upesi, na tatu. Baada ya hapo walibaki watatu, kisha wawili: kijana mmoja wa viti vya magari, na mwenye duka la mapazia, mwanamume mnene ambaye alimjua mama na hakutaka kumwangalia. Kijana aliachia kwenye laki nne na nusu. Kiwembe akavua kofia, akajifuta. Kimya akainua mkono. Mwenye duka akapandisha. Kimya tena. Mwenye duka akatukana kidogo, kwa kicheko, akasema, "Laki sita, na mzee wa koti aende akalale."

Laki sita. Kiwembe alirudisha kofia kichwani. Mama alihisi mabega yake yakishuka, akajua kuwa alikuwa ameyabana tangu asubuhi.

"Laki sita mara ya kwanza," Kiwembe akasema.

Hapo ndipo Tarumbeta alipovua kofia yake. Aliivua taratibu, akaishika kifuani, akatoa leso akajifuta uso kutoka paji mpaka kidevuni. Na Kimya, ambaye kwa miaka mingi aliitazama kofia ile kuliko zote, akainua mkono.

"Na ishirini," akasema.

Kiwembe alimtazama Kimya, akamtazama Tarumbeta, akafungua mdomo akaufunga. Hakuweza kusema mbele ya watu wote kwamba mkono ule haukuwa na hela. Siku akisema hivyo, uwanja umekufa, na familia za madalali wote zinalala njaa.

"Bwana mkubwa?" alimgeukia mwenye duka. "Na thelathini? Na ishirini na tano basi?"

Mwenye duka alitikisa kichwa. "Mpe. Hongera yake." Akageuka kwenda kuitazama cherehani nyingine, kuukuu, iliyokuwa imepangwa mbele kidogo. Alikuja kuinunua kabla jua halijafika utosini, na hela yake ikaishia pale.

"Mara ya pili," Kiwembe alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Mara ya tatu. Imekwenda kwa mzee wa koti."

*

Ilirudishwa jioni kwa mkokoteni, kupitia uchochoroni ili wateja wa mnadani wasiione. Kimya mwenyewe aliusukuma, na mchukuzi mmoja. Waliibeba wakaiweka chini ya dirisha, juu ya alama zake zilezile za miguu sakafuni. Kimya aliaga bila kumtazama mtu.

Mama alisubiri mlango ufungwe.

"Ulikuwa na jasho?"

Tarumbeta alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. Alivuta pumzi kwanza, kwa sababu siku hizo kila sentensi aliilipia.

"Hapana."

"Kulikuwa na baridi. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka."

"Hapana, sikuwa na jasho."

"Kwa hiyo ulifanya makusudi." Sauti yake haikupanda. "Mimi nimekunywa soda ya mdogo wako nikiwa nimesimama kama kibarua. Nimetoa kitu changu mwenyewe, nimekipeleka mbele ya watu, nimeona wanakishika wanakipimapima. Imefika. Baba watoto, ilikuwa imefika!"

"Ilikuwa imefika kinyama."

"Sasa ulitaka nini?"

"Sikia." Alinyanyua mkono, akasubiri pumzi irudi. "Mimi nimeuza vitu vya watu maisha yangu yote. Kazi yangu si kupiga kelele, kelele kila mtu anazo. Kazi yangu ni kumtazama mtu usoni nijue anaficha kiasi gani." Akakohoa, akafuta mdomo, akakunja leso haraka ili mkewe asione, na mkewe aliona. "Nilimtazama yule binti daktari kwenye kioo ulipomuuliza. Alivyoshusha macho. Laki sita si bei. Ile ni bei ya kuanzia."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kochi.

"Alikwambia kiasi gani cha mbele?" Tarumbeta akauliza.

"Hakusema."

"Unaona? Mtu mwenye bei ndogo huitaja."

"Shemeji alisema tukipata jina watachanga."

"Watachanga nauli." Hakusema kwa ubaya. "Mtoto amebakiza mwaka mmoja. Hii mashine ikitoka, mimi nitakufa najua jina, na nyie mtaishi mnalijua. Litawashonea nini?"

"Na kama ni kitu cha kupona? Kama ni jipu tu? Hujui. Hata mimi sijui. Ndiyo maana watu wanapima!"

Tarumbeta alitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, mkewe aliona kwamba alikuwa anaogopa, na kwamba huenda alichokuwa anakikwepa ni jina lenyewe, si bei peke yake. Alitamani kumwambia kuwa ameona.

"Watu wakiniuliza ulikuwa unaumwa nini," akasema badala yake, "niwajibu nini?"

"Waambie kifua."

*

Jumatano Kiwembe alileta dalali wa vitu vya ndani, mtu wa kununua kimyakimya, na yule mtu akakubali cherehani pamoja na kochi kwa laki sita kamili. Alisema atatuma gari Alhamisi alfajiri, hela mkononi.

"Uza," Tarumbeta alimwambia mkewe, "lakini kwenye kile kitanda chao cha sindano sipandi. Mtanibeba?"

Kitindamimba wao, binti, alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za shule. "Baba, panda tu," akasema. "Mimi nitasoma baadaye." Baba yake alimtazama, akageuzia uso ukutani.

Alhamisi gari lilikuja, likasimama nje, likapiga honi. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, amekwisha valia nguo za kwenda hospitali. Kulikuwa na pazia la mteja limebaki nusu. Alilitazama lile pazia. Kutoka chumbani alisikia mumewe akivuta pumzi, ikienda, ikirudi, kama msumeno kwenye mti mbichi. Angeweza kuinuka. Angeweza kumvalisha kwa nguvu, alikuwa mwepesi siku hizo, angeweza hata kumbeba. Honi ikalia mara ya pili. Akaweka kitambaa chini ya sindano, akakanyaga pedali, na mota ikaifunika ile honi, na pumzi pia.

Baadaye alijiambia alimtii mumewe. Siku nyingine alijiambia alimhurumia mtoto. Lakini mguu ulikuwa wake, na alikumbuka ulivyokuwa mwepesi kwenye pedali.

Mtaalamu wa sindano alipokuja tena mwezi uliofuata, Tarumbeta alikuwa hawezi kulala chali. Alikaa kwenye kochi usiku na mchana, ameegemea mto kwa kifua. Daktari yule msichana alipiga simu mwenyewe kuuliza mbona hawakuonekana. Mama akasema wamechelewa hela, na daktari akasema, "Nakuelewa, mama," akakaa kwenye simu muda mrefu bila kuikata. Wiki iliyofuata wakazika.

*

Uwanja wa mnada ulifungwa asubuhi nzima. Kiwembe alisoma jina la marehemu bila kipaza sauti, na wa nyuma hawakusikia. Shemeji alileta saruji ya kaburi na hakuweka faida. Kimya alikuja na koti lake, akamshika mama mikono, akatikisa kichwa mara nyingi, akaondoka kama alivyokuja.

Watu waliuliza, kama watu wanavyouliza msibani. Alikuwa anaumwa nini? Kifua, alijibu. Kifua gani? Kifua tu. Ndipo wakaanza kujibizana wenyewe. Mmoja alisema kifua kikuu, na jirani aliyemletea vikombe vya kuazima akaja kuvichukua mapema, akavichemsha uani kwake mbele ya watu. Mwingine alisema ni vumbi la uwanjani, mwingine sigara, ingawa hakuwahi kuvuta. Mwingine akashusha sauti akataja ndugu aliyemwonea wivu. Kila mmoja alikuwa na lake, na mama hakuwa na la kuwanyamazishia. Wateja wawili walihamisha kazi zao. Mmoja aliyebaki alikuwa akianika mapazia yake juani siku nzima kabla ya kuyatundika, na alihakikisha fundi anajua.

Binti alimaliza shule. Alifaulu, si sana, lakini alifaulu. Cherehani ilikuwa bado chini ya dirisha, na watu waliendelea kuizunguka.

Siku moja akaja mteja mgeni, mwanamke aliyehamia mtaa wa juu, na vipimo vya madirisha manne kichwani mwake. Alikuwa mchangamfu, mwenye maswali. Aliiona picha ya Tarumbeta ukutani, kofia kichwani, mdomo wazi katikati ya mnada.

"Huyu ndiye mzee?"

"Ndiye."

"Pole sana, dada. Alikuwa na nini?"

Mama alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Uzi uligoma, akaulainisha kwa ulimi, akaupitisha. Kutoka mitaa mitatu mbali kipaza sauti cha Kiwembe kilikuwa kikikwaruza, kikitaja namba.

"Hatujui," akasema. "Tulikuwa tunakinunua kipimo." Akashusha sindano kwenye kitambaa. "Hatukufika bei."